Taya la Bi Mkubwa

Nilipopangiwa kufundisha Biharamulo mjini, chumba nilichokipata kilikuwa cha uani, katika nyumba ya mjane mmoja wa Kiislamu aliyeuza vitenge, madera na viungo katika duka la mbele. Babu yake alikuja huku kutoka Pangani na mzigo wa nguo, akaoa, akazeeka, akazikwa hapa hapa. Yeye mwenyewe Pangani aliwahi kufika mara moja tu, kwenye harusi, lakini Kiswahili cha kwao hakikumtoka. Mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa, nami nikamwita hivyo hivyo.

Mimi ni Mhangaza wa Murukulazo, wilaya ya Ngara, na somo ninalofundisha ni Kiswahili. Jambo hilo lilimfurahisha kupita kiasi. Kwetu ulimi hauzibagui sana l na r, na pamoja na vyeti vyangu vyote, nikichoka huwa zinaniteleza. Siku moja nilirudi kutoka mgahawani nikamwambia, "Shikamoo Bi Mkubwa, nimetoka kura."

"Marahaba," alijibu, kisha akaegemea mlango wa duka. "Umemchagua nani?"

Nikauliza kumchagua nani tena.

"Kura hupigwa, mwalimu. Chakula ndicho huliwa." Akacheka mpaka mtandio ukamteleza kichwani.

Katika mwaka wangu wa pili pale, kicheko kile kilianza kupungua. Kwanza nilidhani nimemkosea. Alikuwa akizungumza na wateja huku amegeuza uso upande mmoja, kama mtu anayesikiliza jambo barabarani. Mtandio, ambao zamani ulikaa begani muda mwingi, sasa aliuvuta hadi chini ya jicho la kushoto. Chapati alizokuwa akinigawia Ijumaa ziliacha kuja. Ikawa anapika uji, anapika wali wa kurojeka, anakula peke yake ndani.

Nilikuja kuliona jambo lenyewe kwa bahati tu. Alikuwa anatawadha bombani, mtandio kauning'iniza kwenye kamba ya nguo, nami nikatoka chumbani na ndoo. Upande wa kushoto wa taya, chini ya sikio na kuja mbele, palikuwa na uvimbe. Haukuwa mwekundu. Ngozi juu yake ilikuwa laini na safi, imevutika tu, kama kitambaa kilichofunikia kitu.

"Umeshaona," alisema bila kugeuka. "Basi usiende kutangaza."

Kumbe alikuwa nao muda mrefu. Alisukutua maji ya chumvi, akatafuna karafuu, akapakwa dawa na mama mmoja wa sokoni. Alikwenda kung'olewa gego lililokuwa likicheza. Gego likatoka, uvimbe ukabaki. Mteja mmoja alishamwambia waziwazi kwamba uso ukivimba bila maumivu ni mtu amekutazama vibaya. Hayo hakuyaamini, lakini yalimwingia.

Nilimbembeleza twende hospitali ya wilaya, akakubali kwa sharti kwamba tuingie kwa mlango wa nyuma. Pale alipigwa eksirei ya taya. Daktari aliyeishika ile picha kwenye mwanga wa dirisha alikuwa kijana mpole, anaongea taratibu. Alituonyesha kivuli cheusi ndani ya mfupa, mviringo, na ndani yake kitu cheupe kama punje.

"Hiki cheupe nadhani ni jino ambalo halikuwahi kuota," alisema. "Hiki cheusi kinachokizunguka ndicho nisichokijua. Picha hii ni bapa, mama. Inalaza kila kitu kwenye karatasi moja, cha mbele na cha nyuma. Sioni mfupa umebaki unene gani, wala mshipa wa fahamu umepita wapi."

"Na usipojua?" Bi Mkubwa aliuliza.

"Nisipojua, atakayekupasua atalazimika kujihami. Anaweza kuondoa kipande cha taya ambacho pengine kingebaki." Akaeleza kwamba Mwanza kuna mashine inayopiga picha ya pande tatu, mahsusi kwa taya na meno, tena kwa mionzi kidogo kuliko CT scan ya kawaida. "Ningependa uende huko kabla mtu hajashika kisu."

Niliona uso wa Bi Mkubwa ukikunjamana. Tulirudi nyumbani kwa miguu. Tulipofika aliingia dukani, akaanza kukunja vitenge ambavyo tayari vilikuwa vimekunjwa.

"Siendi," alisema hatimaye.

Nikaanza maneno yangu ya kiualimu, kwamba teknolojia imeendelea, kwamba daktari amesema mionzi ni kidogo. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Mionzi naijua, mwalimu. Nimeipaka mafuta kwa mkono huu."

Ndipo aliponieleza habari za mumewe. Alikuwa na uvimbe kooni, akapelekwa Dar es Salaam, akawa anaingizwa kwenye mashine ya mionzi karibu kila siku. Shingo iligeuka nyeusi kama chungu, ngozi ikachunika. Mate yalikauka, utamu wa chakula ukapotea. Alikuwa akinywa chai yenye sukari na kusema anakunywa maji ya udongo. Bi Mkubwa alikaa naye, akimpaka yale mafuta aliyopewa, kwa ncha ya kidole, maana hata uzito wa kiganja ulimuumiza. Mume alirudi Biharamulo, akaishi kidogo, akafa.

"Halafu mimi nikasimame mbele ya kitu hicho hicho, kinizunguke kichwa?"

Nilijua kwa mbali kwamba mionzi ya kutibu na mionzi ya picha ni vitu viwili, lakini mbele ya mwanamke aliyeyaona aliyoyaona, elimu yangu ya mbali haikuwa na uzito. Nilimsaidia kukunja vitenge.

Shule zilipofunga nilimwambia naenda nyumbani Murukulazo kusaidia kuvuna maharage, na kama angependa kukaa mahali ambapo hakuna mteja wa kumtazama uso, kwetu kuna kitanda. Sikutegemea akubali. Alifunga duka, akachukua mkeka wake wa kuswalia, tukaondoka.

Mama yangu ni mkulima, Mkatoliki wa siku zote, na Kiswahili anakizungumza kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Alitupokea kwenye njia ya migombani. "Kalibu, mama, kalibu sana," alisema, na kwa mara ya kwanza Bi Mkubwa hakusahihisha mtu. Mama alikuwa amenunua kuku, akamwita mzee mwenye kibanda cha bidhaa njia panda, Mwislamu pekee wa karibu, aje kumchinja. Aliniambia kwa Kihangaza nimweleze mgeni hivyo, asije akala kwa mashaka. Kisha akagundua kwamba mgeni hawezi kutafuna. Nyama tulikula sisi; yeye aliletewa supu yake bakulini, na ndizi zilizopondwa mpaka zikawa laini kama za mtoto.

Siku ya pili walikuwa wamekaa kibarazani wakipukuchua maharage, mimi nikiwa kati yao kama mkalimani. Mama akaweka ungo chini.

"Naweza kushika?" aliuliza, akionyesha shavu lake mwenyewe.

Bi Mkubwa akatoa mtandio. Mama alifuta mikono kwenye kanga, akaweka vidole vyake vigumu juu ya ule uvimbe, polepole, akaufuata kuanzia sikioni hadi karibu na kidevu. Nilitazama pembeni. Nadhani tangu uanze, ukimwacha daktari, hakuna mtu aliyekuwa ameushika.

"Unauma?"

"Hauumi. Unanitisha tu."

Nikamweleza Mama kwa Kihangaza habari ya Mwanza, na ya mume. Alisikiliza, akaendelea kupukuchua kidogo, kisha akauliza swali ambalo mimi nisingethubutu kuliuliza. "Mumeo alipofika kwa madaktari, ugonjwa ulikuwa umekua?"

"Ulikuwa umekua."

"Alikaa nao nyumbani muda mrefu?"

Bi Mkubwa aliangalia maharage mikononi mwake. Mama hakurudia swali. Akamwambia tu kwamba yeye alipougua kifua kikuu alipigwa picha za kifua zaidi ya mara moja, na hakuwahi kuungua popote. Halafu wakahamia kwenye mambo ya mbuzi.

Asubuhi ya kuondoka, Bi Mkubwa alikuwa amemaliza kufunga mkeka wake aliposema, bila kunitazama, "Tukirudi tupange safari ya Mwanza. Alikaa nao sana, mume wangu. Tulikuwa tunaogopa wote wawili."

Mama alitusindikiza hadi barabarani akiwa amebeba mkungu wa ndizi kichwani. Ng'ombe wake alikuwa karibu kuzaa, la sivyo, alisema, angekwenda nasi Mwanza. Akanishika bega, akamwambia mgeni, "Huyu mtoto nimemzaa mkaidi. Hatakuacha."

Mwanza tulifika jioni, tukalala kwa binamu yake Bi Mkubwa, na kesho yake asubuhi tukawa kliniki. Chumba cha mashine kilikuwa kidogo kuliko nilivyofikiri. Mashine yenyewe ilikuwa nguzo nyeupe yenye mkono uliojipinda juu, na kwenye mkono huo vichwa viwili vinavyotazamana. Katikati yake palikuwa na kiti, na mahali pa kuegemeza kidevu. Mtaalamu wa mionzi alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imemning'inia kifuani. Alimwamkia Bi Mkubwa shikamoo, akafunga mlango kwa komeo kabla hajamwomba atoe mtandio.

"Na hereni, mama. Na pini za nywele. Na hicho kipini cha puani."

Hereni alitoa. Pini alitoa. Kipini akakifunika kwa kiganja.

"Hiki hakitoki. Nilivishwa siku ya ndoa yangu."

"Dhahabu inatupa mng'ao kwenye picha, inafunika mfupa," yule mama alisema. "Nikikiacha nitapata picha mbovu, na picha mbovu ni mionzi ya bure. Sipendi kumpiga mtu mionzi ya bure."

Ndipo Bi Mkubwa akauliza alilokuwa amelibeba tangu Biharamulo. "Itaniunguza?"

Yule mtaalamu alivuta kiti akakaa mbele yake, magoti yakikaribia kugusana. Nilimweleza mimi habari ya marehemu, kwa kifupi. Alitikisa kichwa kwa huruma.

"Pole sana. Ile aliyopewa mzee ilikuwa dawa, mama. Ilipewa nguvu kusudi, iue uvimbe, na ilirudiwa rudiwa. Hii yangu haiui kitu. Inapita ili nione. Sikudanganyi kwamba si kitu kabisa. Ni kidogo, na nimeipunguza hadi kile tu kinachomtosha daktari, na nimeifunga iangalie taya, isitapakae kichwani. Hutasikia joto. Hutasikia chochote ila mlio wa mota."

"Unaapa?"

"Mimi Msabato, hatuapi. Lakini nakwambia kweli."

Bi Mkubwa akacheka kidogo, kwa upande wa kulia. Kisha akaanza kukizungusha kipini. Kilikuwa kimegoma kwa miaka mingi. Tulitumia mafuta ya mgando, mimi nikiushika uso wake kwa mikono miwili na yeye akikivuta huku machozi yakimtoka. Kilipotoka alikitia kiganjani mwangu, akakunja vidole vyangu juu yake.

Alivishwa koti zito la kumkinga mabegani. Akaweka kidevu mahali pake, kitambaa kikamzunguka kipaji cha uso asitikisike. Mimi na mtaalamu tukatoka, tukasimama nyuma ya kioo. "Kwanza nazungusha bila mionzi," alinieleza, "nione kama atatulia." Mkono wa mashine ukaanza kumzunguka kichwa polepole kama mtu anayemkagua bibi harusi. Nikaona midomo ya Bi Mkubwa inacheza.

Mtaalamu akabonyeza kitufe cha kipaza sauti. "Mama, unasema nini?"

"Nasoma dua."

"Isome moyoni. Taya likitembea picha inaingia ukungu."

"Moyoni inafika?"

"Hilo wewe unalijua kuliko mimi."

Midomo ikatulia. Mkono ukarudi mwanzo, taa ndogo ikawaka, ukazunguka tena, mara moja tu, na mlio wake ulikuwa kama wa cherehani ya mbali. Sikuwa nimemaliza kuvuta pumzi vizuri nikaona umesimama. Bi Mkubwa alibaki amekaa wima na macho amefumba, akisubiri ianze.

"Tayari," tulimwambia.

"Bado sijasikia kitu."

"Ndiyo yenyewe."

Hapo hapo kwenye benchi la nje alinidai kipini chake. Kukirudisha kulikuwa kazi nyingine, lakini hakukubali kumwona daktari pua ikiwa tupu.

Daktari wa kinywa alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye kompyuta kubwa mezani. Aliibonyeza, na mbele yetu kikatokea kichwa cha mifupa, rangi ya pembe za ndovu, meno yote mahali pake. Akakigeuza kwa kidole. Kikatutazama, kikatazama ukutani, kikainama tukakiona kwa chini.

Bi Mkubwa alinishika mkono. "Huyo ni mimi?"

"Ni wewe, mama."

Alikitazama kwa muda. Nilifikiri ataogopa, kuona fuvu lake angali hai. Badala yake alisogeza kiti. "Nina meno mazuri," alisema.

"Unayo," alikubali daktari. Akakikata kile kichwa kwenye skrini, kipande baada ya kipande, kama mtu anayekata mkate, tukaingia ndani ya taya. Lile jino lililozikwa lilikuwa limelala kiubavu chini kabisa, na kulizunguka palikuwa na mfuko. Pale ambapo eksirei ya Biharamulo ilituonyesha weusi mtupu, sasa tuliona kuta. Ukuta wa nje wa mfupa ulikuwa mwembamba kama ganda la yai, lakini ulikuwepo. Wa ndani ulikuwepo, mnene zaidi. Chini palikuwa na mfereji wa mshipa wa fahamu. Mfuko ulikuwa umeusukuma pembeni ila haukuuzingira.

"Nilikuwa na hofu mbili," alisema daktari. "Ya kwanza, kwamba mfupa umeliwa wote, na ningelazimika kukata taya na kuweka chuma. Sioni hivyo. Ninaweza kuingia kupitia mdomoni, nitoe jino na mfuko wake, taya libaki. Hofu ya pili ni aina ya uvimbe wenyewe. Sura yake inanipa matumaini, lakini picha huonyesha umbo, haionyeshi tabia. Nitapeleka kipande maabara. Mpaka majibu yarudi, tusishangilie."

Nilimpenda kwa neno hilo la mwisho, ingawa lilitunyima usingizi.

Upasuaji ulifanyika wiki ile ile. Alitoka kwenye dawa ya usingizi uso umevimba kuliko alivyoingia, akaomba kwa ishara apewe mtandio. Kisha tulirudi Biharamulo kusubiri. Katika siku zile sikumwona akikunja vitenge. Alikaa tu dukani, na mteja akimuuliza bei alimwelekeza kwangu. Simu ilipopigwa niliishika mimi kwa sababu mdomo wake ulikuwa bado mzito. Daktari alisema ni mfuko wa jino, wa kawaida, si saratani. Nilimwambia Bi Mkubwa. Aliinuka, akaingia ndani, akafunga mlango, na kupitia mlangoni nikamsikia akisujudu, na kisha kilio kirefu cha mtu aliyekuwa amekizuia.

Mdomo wake wa chini, upande wa kushoto, ulibaki na ganzi kwa miezi. Chai ilikuwa ikimtiririka kidevuni bila yeye kuwa na habari, nami nikawa namwashiria kwa kugusa kidevu changu. Daktari alikuwa ametuonya kwamba mshipa uliosukumwa muda mrefu huchelewa kusamehe. Hisia zilirudi kidogo kidogo, akasema ni kama wadudu wanatembea. Mpaka leo kipande kidogo karibu na pembe ya mdomo hakijaamka, na amekizoea.

Mama yangu alipopata habari alimtumia debe la maharage. Bi Mkubwa akarudisha kitenge na udi, na Mama, ambaye hajawahi kufukiza udi maishani, aliuweka kwenye sanduku la nguo za kanisani.

Tuliporudi Mwanza kwa uchunguzi, Bi Mkubwa alijiandaa tangu nyumbani. Hereni hakuvaa. Kipini alikuwa amekilegeza mwenyewe kwa mafuta wiki nzima ili kisisumbue. Daktari alimpapasa taya, akamtazama fizi, akasema atapiga picha ndogo ya bapa tu.

"Ile ya kuzunguka je?" aliuliza Bi Mkubwa.

"Haihitajiki, mama. Hii ya bapa itaniambia kama mfupa unajaa."

"Si ulisema mionzi yake ni kidogo?"

"Ni kidogo, ndiyo. Lakini kidogo kisicho na kazi ni kingi. Nikiona shaka nitakupeleka."

Hakuridhika. Alikuwa amekuja na mwalikwa kabisa: binamu yake alikuwa amekaa kwenye benchi la nje, ameambiwa aje aone fuvu la jamaa yake likigeuka kwenye kompyuta. Picha ya bapa ikapigwa. Palipokuwa na weusi, mfupa mpya ulikuwa umeanza kuingia kutoka pembezoni, mweupe wa ukungu. Daktari alifurahi, mimi nikafurahi. Bi Mkubwa aliitazama kwa heshima, akamshukuru daktari, kisha akamwomba, kama haitakuwa taabu, afungue ile ya zamani angalau mara moja ili ndugu yake aone.

Daktari akacheka, akaifungua. Binamu akaitwa ndani. Kichwa kile cha rangi ya pembe kikatokea, na Bi Mkubwa akasimama kando ya skrini akimwonyesha kwa kidole: hapa palikuwa na mfuko, hapa jino lililolala, hapa mshipa umepita. Binamu alijifunika mdomo kwa kanga, akasema, "Yarabi, toba!" Daktari akamwachia Bi Mkubwa kipanya cha kompyuta, akamfundisha kukigeuza. Alikigeuza kushoto, akakigeuza kulia, akakaa hapo kwa muda wake, na nje watu wa foleni walikuwa wameanza kunung'unika.